Mjadala: Je, wingi wa wafuasi mtandaoni ni ushahidi kwamba asasi inafanya kazi yake?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, ninapendekeza kwamba asasi isiyo ya kibiashara iache kabisa kuripoti wafuasi, laiki na idadi ya waliotazama video kama mafanikio, kwa kuwa takwimu hizo hupima ustadi wa kuendesha ukurasa, ilhali asasi iliundwa kwa kazi nyingine. Mwaka 2013, UNICEF nchini Uswidi ilitangaza bila kificho kwamba atakayeupenda ukurasa wake wa Facebook atakuwa amesaidia kuchanja watoto sifuri dhidi ya polio, kwani chanjo hununuliwa kwa fedha. Watafiti waliochunguza kundi la Facebook lililoanzishwa kuitetea Darfur, eneo la Sudan lililokumbwa na vita, lenye wanachama zaidi ya milioni moja, walichapisha mwaka 2014 kwamba zaidi ya asilimia 99 yao hawakuchangia chochote kupitia kundi hilo. Kwa hesabu ya laiki kundi hilo lilikuwa na mafanikio makubwa, na hapo ndipo penye tatizo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umechagua mifano inayokufaa. Mwaka huohuo wa 2014 watu walijimwagia maji ya barafu mbele ya kamera ili kuchangisha fedha, video zaidi ya milioni 17 zikapandishwa Facebook, na chama cha Marekani kinachopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, kikapokea takriban dola milioni 115. Katika wiki ya kwanza, mtu mwenye msimamo wako angeona mchezo wa watoto tu. Isitoshe, mtu anaweza kuona chapisho leo, akalisimulia nyumbani, kisha akachangia kupitia benki baada ya nusu mwaka, na hakuna programu itakayounganisha matukio hayo. Asasi inayotetea mabadiliko ya sheria ina shida kubwa zaidi, maana matunda yake huchukua miaka, na wakati huo wote mfadhili anadai ripoti ya kila robo mwaka. Ukiiondolea takwimu za watu iliowafikia mtandaoni, itaandika nini?

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi katika asasi ndogo inayowahudumia watu waliopigwa na wenza wao, na kila mwezi nilikuwa mjaza jedwali la takwimu za ukurasa wetu. Chapisho letu lenye namba ya simu ya msaada lilikuwa la mwisho kwa laiki kila mara, na sababu tuliielewa kwa kuchelewa mno: hakuna anayetaka shangazi yake au, Mungu apishe mbali, mume wake aone kwamba amelipenda. Walioihitaji namba waliinakili kimyakimya, wakapiga. Wakati huohuo picha za wafanyakazi wakikata keki zilipata laiki tele, na kwa kuwa jedwali lilikuwa ndilo linalosomwa na wakubwa, tukazidisha keki na kupunguza namba. Jedwali halikuwa na safu ya simu zilizopigwa.

Tusisahau pia kwamba takwimu hizi hutolewa na kampuni zinazouza matangazo. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuza wastani wa muda wa kutazama video, kwa sababu haikuwahesabu walioziacha kabla ya sekunde tatu.

Mtoa mada

Nimejifunza kutoka kwa mchangiaji wa pili, na ninalegeza neno "kabisa". Takwimu hizo zibaki ofisini, zimsaidie mwandishi wa machapisho kujua kichwa kipi kimesomeka. Mchangiaji wa kwanza, hata hivyo, naomba atazame ushahidi wake mwenyewe: kampeni ya barafu ameithibitisha kwa dola, wala si kwa video. Video ya Kony 2012, iliyotaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi kutoka Uganda, akamatwe, na iliyotolewa tarehe 5 Machi mwaka huo, ilitazamwa mara milioni 100 kwa takriban wiki moja, lakini usiku wa tarehe 20 Aprili, wafuasi walipoombwa watoke wakabandike mabango mitaani, waliojitokeza walikuwa wachache, na Kony hakukamatwa.

Kuhusu mtu anayechangia baada ya nusu mwaka, njia ipo na haihitaji programu: aulizwe alisikia wapi habari zetu. Atakayepiga simu aulizwe, iwapo hali yake inaruhusu, na anayejitolea aulizwe siku ya kwanza. Majibu yatakuwa na mapengo, lakini yatahusu watu waliofanya jambo.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja ya dola naipokea. Ila kuuliza, kuandika na kuchambua majibu ni kazi ya mtu, tena ya kila siku, na bajeti nilizowahi kuziona zina fungu la kutengeneza video na kulipia matangazo, huku fungu la kufuatilia kilichotokea baadaye likiwa halimo. Kabla hatujazilaumu asasi kwa kuripoti laiki, ambazo hupatikana bure, naomba wafadhili waliomo humu waseme kama wako tayari kumlipa mtu huyo.