Konea ya mwanangu imekuwa nene baada ya opresheni

MamaWete: Asalam alaykum, mwanangu kazaliwa na mtoto wa jicho, kashapasuliwa, sasa ana miezi minane. Juzi daktari kampima kasema konea yake, kile kioo cha mbele ya jicho, nene kuliko ya wenzake, mie usingizi sipati jamani, ndo anapofuka?

BiKonde: Waalaykum salam shoga, pole. Wa kwangu vilevile, walotolewa lenzi ya jicho wadogo kwa mtoto wa jicho konea huwa nene, ikiwa safi unene peke yake haupofushi. Ila unene huo hukifanya kipimo cha presha ya jicho kionekane juu kuliko ilivyo, waulize wameuhesabu.

BabaMkoani: Presha ndo ya kuogopa, huja hata miaka baadae. Ukiona konea inaingia ukungu, machozi hayakatiki, mwanga anaukimbia, usingoje siku ya kliniki, mpeleke siku ile ile.

MamaWete: Machozi anayo tangu ijumaa 😢 asubuhi naondoka nae.