Gesi ziko kwenye joto moja, mbona spidi hazilingani?

dogo_PCB: Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada nina mtihani. Juzi tulifanya prakitiko ya mrija wa kioo, pamba ya amonia huku, pamba ya asidi ya haidrokloriki kule, tukaziba tukasubiri. Baada ya dakika kadhaa ikatokea pete nyeupe pale gesi mbili zilipokutana ila haikukaa katikati, imesogea upande wa asidi. Ticha akasema ni kwa sababu amonia ni nyepesi. Sawa, ila wiki iliyopita katuambia gesi zikiwa kwenye joto moja nishati mwendo yao ya wastani ni sawa, sasa nishati sawa spidi si sawa inakuwaje?? Halafu nikipasha gesi toka 25 mpaka 50 si spidi inakuwa dabo? Nilijibu hivyo kwenye tesiti nikapigwa mkasi.

Mzee wa Bureti: Dogo, ticha yuko sahihi kote kuwili. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara spidi mara spidi tena, sasa jibu likitakiwa kuwa lilelile na masi ni ndogo basi spidi ndo itapanda, haina pa kukimbilia. Bodaboda na lori la mchanga vikiwa na nishati sawa, lori linatambaa tu. Fomula ya spidi ni kipeuo cha pili cha jibu la (3RT gawa kwa M), R ni namba isiyobadilika ya gesi, T ni joto kwa kelvini, M ni masi ya moli moja, na M iwe kwenye kilo sio gramu, hapo ndo wengi mnaliwa maksi. Kwenye 25°C hidrojeni inatoka kama 1,920 m/s, nitrojeni 515, oksijeni 482, kaboni dayoksaidi 411. Ona hidrojeni na oksijeni, uzito umepishana mara 16 lakini spidi mara 4 tu, kipeuo hicho. Kwako wewe masi ya amonia ni 17, gesi ya ile asidi 36.5, ukigawa ukatoa kipeuo unapata 1.47 hivi.

mama_kemia: Na hiyo dabo mdogo wangu umeponzwa na selsiasi. 25 ni kelvini 298, 50 ni 323, gawa, toa kipeuo, 1.04. Yaani umeongeza asilimia 4 basi. Ukitaka dabo kelvini ziwe mara nne, 1,192, ambayo ni 919°C, hapo mrija wenu ushalainika zamani.

mpita_njia: Samahani mimi nilisoma sanaa lakini mnanichanganya, oksijeni karibu nusu kilomita kwa sekunde?? Mbona jirani akikaanga samaki harufu inakuja taratibu mpaka nishamaliza ugali wangu mkavu

Mzee wa Bureti: 😂 Swali zuri kuliko la dogo. Spidi ipo kweli ila molekuli haifiki mbali, inakwenda wastani wa nanomita 70 hivi inagonga mwenzake inageuzwa, na hiyo ni mara mabilioni kila sekunde. Fikiria Kariakoo mkesha wa sikukuu, unahangaika saa nzima na bado uko duka lilelile. Harufu ya samaki inabebwa zaidi na upepo. Ndo maana dogo hata pete yako ilichukua dakika, mrija ulikuwa na hewa ndani. Kwa hesabu tupu mrija wa sentimita 100 pete ingekaa kwenye 59 toka kwa amonia, lakini mkipima haitatoka hivyo kwa sababu ya hiyo hewa. Andika mlichopima.

dogo_PCB: Asanteni wakuu, nimeelewa, kelvini sisahau tena. Nimeangalia daftari, mrija wetu sm 50, pete ilikuwa 28.5 toka kwa amonia. Tatizo mwenzangu wa grupu kashapeleka ripoti kaandika 29.7 kamili, ile ya hesabu tupu 😭

mama_kemia: Mfuate kabla ticha hajaifungua.