Naomba ushauri: mtoto hasemi na hataki kutafuna, nianze tiba ya nyumbani?

Mama Subira
Habari zenu, ndugu zangu. Nina mtoto wa kiume wa miezi 22 ambaye mpaka leo ana maneno matatu tu, na moja kati ya hayo ninalielewa mimi peke yangu. Chakula anachokubali ni kilichosagwa kikawa laini kabisa. Kipande kidogo kuliko ukucha wake kikipita kwenye kijiko, anakisukuma nje kwa ulimi, anakakamaa, na mara nyingine anatapika vyote alivyokwisha kula. Mlo mmoja unachukua saa nzima, na mwisho wake sote wawili tunalia.

Nimempata mama mmoja anayefanya tiba ya nyumbani. Utaratibu wake ni kukanda mashavu, kusugua ulimi kwa mswaki laini, na kupuliza filimbi na mishumaa mara tatu kwa siku, kwa sababu anasema ulimi wa mtoto ni mzito na unahitaji kuimarishwa. Swali langu ni dogo: kuna aliyewahi kutumia mazoezi haya, na aliona mabadiliko baada ya muda gani? Tafadhali msinihukumu, nimechoka.

Baba Pacha
Pole sana dada, ila usijikondeshe kwa mawazo. Mimi nina mapacha, wa kike na wa kiume. Wa kike alimsemea kaka yake kila kitu: kaka akitaka maji, dada ndiye anayeomba, kaka akianguka, dada ndiye anayekuja kushtaki. Kijana alikaa kimya kama maji mtungini mpaka akakaribia miaka mitatu, kisha siku moja tukiwa mezani akatoa sentensi nzima, na mama yake akaangusha kijiko. Leo ndiye msemaji wa nyumba. Kila mtoto ana wakati wake, mpe nafasi.

Mwalimu Nuru
Baba Pacha, nafurahi kwamba kwako mambo yaliisha vizuri, lakini tusimwambie mzazi asubiri wakati hatujui anasubiri nini. Kufikia miaka miwili watoto wengi huwa na maneno 50 au zaidi, tena wameanza kuunganisha mawili mawili. Aliye na matatu anastahili kuangaliwa, na kitu cha kwanza ni masikio. Nafundisha watoto wadogo, na niliwahi kuwa na binti ambaye wote tulimwona mkaidi. Mlango ukibamizwa aligeuka, kwa hiyo hakuna aliyewaza kuhusu usikivu wake. Alipopimwa alikutwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, yasiyomuuma hata kidogo, yaliyomfanya asikie maneno kama mtu aliyezama majini. Dada, mtoto ameshapimwa usikivu?

Mlezi wa Zamani
Na simu je? Siku hizi mtoto analishwa huku macho yake yako kwenye kioo, hajui hata kilichoingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hafai kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Sisi tuliwalea wetu kwa kuwaimbia na kuwasemesha. Wazazi wa leo mnatafuta filimbi wakati sauti zenu wenyewe mnazo.

Tabibu Mlishi
Dada Mama Subira, kazi yangu ni tiba ya usemi na ulishaji wa watoto wadogo. Kabla sijasema lolote kuhusu filimbi, naomba unijibu mambo manne. Je, anapaliwa anapokunywa maji au maziwa? Je, baada ya kunywa sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye majimaji kooni? Je, amewahi kuugua kifua, na mara ngapi? Je, uzito wake unapanda?

Mama Subira
Asanteni nyote. Masikio alipimwa alipotimiza miaka miwili na yako salama. Simu ni kweli huwa namwekea wakati wa kula, maana bila hiyo hafungui mdomo kabisa. Uzito unapanda, ingawa polepole. Kupaliwa ni kule kwa kawaida kama watoto wote. Bado hakuna aliyenijibu kuhusu mazoezi.

Nahodha wa Pwani
Dada, umeulizwa manne umejibu mawili tu. Kifua je? Mimi si mtaalamu, ila naona mtu aliyeuliza hakuuliza kwa udadisi.

Mama Subira
Sawa. Amelazwa mara mbili kwa homa ya mapafu ndani ya miezi saba. Mara ya pili daktari aliandika kwamba apigwe picha ya kumeza, tukapewa tarehe, na sikumpeleka. Huyu mama wa tiba nimeshamwambia aanze Jumatatu na nimemlipa sehemu ya pesa zake.

Kabla hamjaninyooshea vidole, nielezeni ningefanya nini. Mwanangu akiona mtu amevaa koti jeupe anaanza kutetemeka kabla hajaguswa. Kliniki walimshika mikono ili wamwangalie koo, akalia mpaka midomo ikabadilika rangi, na wiki nzima baadaye hakuruhusu kijiko kimkaribie. Nyumbani ametulia, anacheza, anaweza kufundishika. Homa ya mapafu kila mtoto anaugua. Naamini akipata nguvu za ulimi, kupaliwa kutaisha kwenyewe.

Tabibu Mlishi
Asante kwa kutueleza, maana najua halikuwa jambo jepesi kuliandika. Hujakosea kuamini kwamba nyumbani ni mahali pazuri pa tiba. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 18, ulionyesha kwamba wazazi waliofundishwa mbinu za kukuza lugha wanawasogeza mbele watoto wao kwelikweli. Mtaalamu anamwona mtoto kwa dakika chache katika wiki, ilhali wewe unamlisha, unamvisha na kumwogesha kila siku.

Shida iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni filimbi. Mtoto anaweza kutumia midomo ile ile kupuliza na kutamka, lakini ubongo unaiongoza kwa njia tofauti, na waliochunguza mazoezi ya mdomo yasiyo na usemi hawakupata ushahidi kwamba yanaleta maneno. Maneno yanajengwa kwa maneno. Kama anaipenda filimbi aichezee, ila isihesabiwe kuwa tiba.

La pili ndilo linaloninyima utulivu. Tutenganishe kuchefuka na kupaliwa. Kipande kinapomgusa ulimi akachefuka, huo ni ulinzi wa mwili, na unapungua kadiri mtoto anavyozoea. Kupaliwa ni kinywaji kuikosa njia yake na kuelekea kwenye njia ya hewa, na kikifika mapafuni mara kwa mara, mapafu yanaugua. Wapo pia watoto ambao kinapita bila hata kikohozi, kwa hiyo anayemtazama mtoto kwa macho tu, awe mimi au mama huyo, hawezi kusema kwa uhakika. Picha ile ni eksirei inayochukuliwa kama video: mtoto anakaa kwenye kiti, anapewa chakula na kinywaji vilivyochanganywa na dawa iitwayo bariamu ili vionekane, na mara nyingi mzazi mwenyewe ndiye anayemlisha. Hakuna anayemshika kwa nguvu wala kumchoma sindano. Mazoezi ya kulisha yanayoanza kabla ya kujua anameza vipi yanaweza kumwongezea kile kinachomuumiza.

Bi Zawadi
Naomba niseme jambo moja tu, nikiwa mama. Wangu nilimlisha kwa nguvu. Nilimbana mikono yake chini ya kwapa langu, nikamziba pua ili afungue mdomo, kwa sababu kila aliyemwona alisema amekonda. Hakunenepa. Alijifunza kuogopa sauti ya kijiko kikigonga bakuli, hata nikiwa jikoni najilia mwenyewe. Ilinichukua karibu mwaka mzima kumrudisha mezani, na nilianza kwa kumwacha akichezee chakula, akishike, akipake mezani, bila kumwambia ale. Dada, kama mtu yeyote atakayekuja kwako, hata akiwa na cheti, anamlazimisha mtoto, mfungulie mlango aondoke.

Mchunguzi
Samahanini, lakini huu uzi mimi siuamini. Mwanzo mtoto ana miezi 22. Baadaye masikio yalipimwa "alipotimiza miaka miwili". Mtoto wa miezi 22 anatimizaje miaka miwili? Tumeshawahi kuletewa hapa hadithi za kutunga, na mwishoni ikatokea namba ya simu ya mtoa huduma. Namsubiri huyo mama wa tiba ya nyumbani atajwe jina.

Baba Pacha
Kweli bwana, hilo sikuliona. Na mimi nimemwaga historia ya watoto wangu yote.

Mwalimu Nuru
Hata kama ni hadithi, yuko mzazi atakayeisoma na mtoto wake anapaliwa usiku huu. Ila ni haki dada apewe nafasi ya kueleza.

Mama Subira
Nimesoma huku nikitetemeka. Sina namba ya mtu ya kuwapa, na siuzi kitu.

Mwanangu ni njiti. Alizaliwa wiki ya 30. Kwa kalenda ametimiza miaka miwili wiki chache zilizopita, lakini pale alipolazwa baada ya kuzaliwa walinifundisha kumhesabia kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa, na kwa hesabu hiyo ana miezi 22. Nimezoea kutaja huo umri kwa sababu nikitaja mwingine watu wanashangaa alivyo mdogo, kisha naanza kueleza, na nikianza kueleza nalia. Alilishwa kwa mpira uliopita puani kwa wiki 6. Kila ulipong'oka walimrudishia huku nimemshika mimi. Ndiyo maana sikumpeleka kwenye picha. Nilidhani watamwingizia mpira tena.

Mchunguzi
Dada, naomba radhi mbele ya wote. Binti wa kaka yangu pia ni njiti na sikujua kwamba umri wao unahesabiwa mara mbili. Nimekuongezea mzigo usiostahili.

Tabibu Mlishi
Hili ulilolisema sasa ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja ni kazi ambayo kwa kawaida mtoto huanza kuimudu karibu na wiki ya 34 ya ujauzito. Wako alikuwa nje tangu ya 30, na kwa muda huo vitu vilivyoufikia uso wake vilikuwa mpira, gundi na mikono ya watu. Anapokakamaa mbele ya kijiko hana ukaidi wala ulimi mzito. Anakumbuka kwa mwili. Mweleze daktari historia hiyo yote, na umwulize waziwazi kama kipimo kinahitaji mpira. Kwa mtoto anayekula kwa mdomo kama wako, hakihitaji.

Wakati unasubiri tarehe, usibadilishe aina ya chakula anachokimudu, na usiongeze kitu cha kuzidisha uzito wa maziwa au maji bila kuambiwa. Mkalishe wima, kiuno kimeegemea na nyayo zimekanyaga kitu, kwa sababu mtoto anayening'iniza miguu anatumia nguvu zake kujishikilia badala ya kumeza. Simu iondoe kidogo kidogo, usiikate ghafla. Shika kijiko mbele yake, usubiri akifuate mwenyewe, na akigeuza uso, mlo umekwisha. Wewe unaamua anapewa nini na saa ngapi, yeye anaamua kiasi. Akipumua kwa shida, akibadilika rangi au akipata homa yenye kikohozi, usituandikie sisi, mpeleke hospitali.

Usemi uanze leo, huo hauhitaji kusubiri picha. Taja anachokitazama yeye, usitaje unachotaka akitazame. Akisema "ma" akinyoosha mkono kwenye kikombe, mwambie "maji, unataka maji", kisha mpe, bila kumlazimisha arudie. Baada ya kusema, nyamaza. Wazazi wengi tunajaza ukimya wote na mtoto hapati pa kuingilia.

Mlezi wa Zamani
Mwanangu, yale ya simu niliyaandika kwa ukali. Sikujua.

Mama Subira
Nimerudi baada ya siku tatu. Nilipiga simu kliniki, nafasi imepatikana baada ya siku 16, na aliyepokea alinithibitishia kwamba nitamlisha mwenyewe na hakuna mpira. Mama wa tiba nimemwomba asubiri majibu. Hakufurahi, na pesa hajazirudisha.

Jana jioni nilimwekea kibao chini ya miguu, nikashika kijiko mbele yake nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba aliinama akakifuata mwenyewe. Sijawahi kuona hivyo. Alikula vijiko tisa, akageuza uso, nikaacha, ingawa mkono wangu ulitaka kumwongezea cha kumi. Kwenye daftari nimeandika: maji ya kikombe, amepaliwa mara mbili, macho yamelengwa machozi, sauti imekuwa ya majimaji mpaka alipokohoa tena. Tabibu, niandike na saa?

Tabibu Mlishi
Andika saa, andika alikunywa kwa chombo gani, na kama alikuwa amechoka. Siku ya picha nenda na daftari hilo, na kikombe chake hicho hicho.