Nakwenda ukweni Migambo (Lushoto), nikimbilie njia gani kujiandaa na Kili?

wifi_mkimbiaji
Wakuu habari za saa hizi. Mi ni mtu wa Dar, mazoezi yangu ni Kigamboni na Jumamosi moja moja Coco, yaani tambarare tupu. Sasa mume kasema Desemba yote tupo kwao, Migambo huko juu ya Lushoto, tunashuka Januari watoto wakikaribia kufungua shule. Na mwishoni mwa Februari nimejiandikisha Kili (Kilimanjaro Marathon ya Moshi), ile ya kilomita 21, na kila aliyewahi kukimbia ananitisha na kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka, kwa hiyo nikasema hii ya ukweni ni bahati, wacha nikapandie huko huko.

Nahitaji njia fupi ya siku za kawaida na moja ndefu ya wikiendi, iwe na msitu msitu hivi lakini isiwe ya kupotea, maana mara ya mwisho niliona kila kinjia kinagawanyika mara tatu na vyote vinaishia kwenye kabichi za mtu.

Na swali la aibu kidogo, baba mkwe ni mtu wa swala tano na muda mwingi yupo barazani. Nikipita pale na taiti itakuwaje? Mume anasema we kimbia tu, ila yeye nani anamwangalia.

zito_la_tanga
Huko ukitoka mbio asubuhi watu wanatoka nje kuuliza nani kafariki. Nipo paleee nasubiri majibu ya wataalamu

mtoto_wa_magamba
Karibu nyumbani shemeji, umepata milima ya kutosha hadi utairudisha mingine.

Kwanza sahau kilomita. Mtu wa Dar akija huku anatazama saa yake anaona kilomita moja kamaliza dakika tisa anadhani anaumwa, kumbe ndo mlima wenyewe, na hewa nayo ni nyepesi kidogo maana Lushoto mjini tu ni kama mita 1,400 na nyie huko mpo juu zaidi. Kimbia kwa dakika. Ukitoka dakika 20 ukageuka umepata 40 zako, basi, na kwenye kupanda ukiona unahema mpaka huwezi kusema shikamoo tembea, hakuna anayekudai.

Ya kila siku tumia barabara ya vumbi ya Migambo kwenda Mkuzi na ukitaka kuongeza unaenda nayo mpaka njia panda ya Magamba. Barabara hiyo ina vivuli, ina mashamba, kuna vipande unapita miti pande zote mbili, na kupotea huwezi, ukipata shaka muulize hata mtoto. Siku ya kupumzisha miguu nenda taratibu kwenye maporomoko ya Mkuzi ukarudi.

Ndefu ndo hii sasa. Panda boda asubuhi mpaka Lushoto mjini, halafu rudi kwa miguu. Mji mpaka njia panda ya Magamba ni kupanda karibu mwanzo mwisho, kama km 7 au 8, ukifika hapo unaendelea kwenu. Wengi wanafanya kinyume, wanashuka mbio kwenda mjini kisha wanarudi na boda, raha kweli, ila kesho yake kushuka ngazi ni kwa kujishika ukuta. Na Kili si kupanda tu, ukishapanda utashuka, kwa hiyo kushuka nako jifunze ila kidogo kidogo.

Barabarani kaa upande unaoona gari linakuja, Fuso na Canter za mboga zinashuka zimejaa na kona zetu unazijua.

kandambili21
Mkuu barabara zote hizo ni sawa ila umemnyima utamu. Mi nilisoma chuo hapo Magamba, mbio zenyewe ni ndani ya msitu bana! Msitu wa hifadhi ya asili Magamba, ile njia ya kuelekea kwenye kiwanda cha zamani cha mbao, chini majani yameoza ni laini kama godoro, mbega wanaruka juu na mikia yao yenye ncha nyeupe, ukungu umeshuka, unakimbia hausikii hata boda moja. Dada usiende Usambara ukaishia kula vumbi la barabarani kama upo Mbagala

mtoto_wa_magamba
Hahaha utamu upo sikatai. Ila mwambie na yaliyobaki. Ule ni msitu wa hifadhi, upo chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), unalipia kwa kontroo namba kabla ya kuingia na ni vizuri uende na mwongozaji, wapo pale mjini na baadhi yao ni vijana wanaoweza kukimbia na wewe. Nyie wanachuo mlikuwa mnapenya kwa nyuma tunawaona. Ukungu ukishuka mle mita chache mbele huoni, miti yote inafanana, na jipiesi chini ya miti mikubwa ya mikulo inachora mistari kama kuku kapita kwenye wino. Simu nayo mtandao unakuja na kuondoka. Shemeji aende siku moja, alipie, afurahi, ila asiifanye njia ya mazoezi ya kila siku peke yake.

kandambili21
Haya nimekubali kwa hilo la peke yake. Kupenya kwa nyuma sijui unaongelea nini 😂

bi_raba
Wifi yangu mi nimeolewa Soni na nakimbia, kwa hiyo hili la taiti naomba nilijibu mimi, hawa kaka zako hawalijui.

Usianze na baba mkwe. Anza na mama mkwe, siku ya kwanza jioni mkiwa jikoni mwambie mama mi huwa nafanya mazoezi asubuhi, kuna mbio Moshi nimejiandikisha, naomba nikitoka usishtuke. Yeye ndo atampelekea mzee habari kwa lugha yake, na ukimwonyesha fulana au medali ya mbio za nyuma ndo kabisa, atawaambia majirani kabla hujaamka. Ukitoka bila kusema ndo zinaanza zile za mkwe wa fulani kaonekana anakimbia porini.

Nguo: trakisuti pana ya kawaida na fulana ndefu inayofunika makalio, kichwani kilemba chepesi. Na wala hutojuta, Desemba asubuhi huko juu kuna ubaridi, mtu wa Dar utaomba hata soksi za mikono. Taiti yako ivae ndani ya hiyo trakisuti. Wengine wanafunga kanga mpaka wakishapita nyumba ya mwisho wanaivua wanaizungusha kiunoni, sawa pia, ila mi ilinisumbua kwenye kushuka.

Halafu kuna adabu ya njia. Vinjia vile ni vya kazi, asubuhi kina mama wanapita na kuni, na ndoo, na matenga ya mboga, ukikutana nao we ndo unasimama, tena unasogea pembeni umpishe aliyebeba, unasalimia vizuri. Mzee ukimkuta punguza, tembea, shikamoo, kisha endelea. Siku ya tatu wameshakuzoea na watoto wanakufuata na kandambili zao na wanakupita kwenye kilima, jiandae kisaikolojia

zito_la_tanga
Hapo kwa watoto na kandambili ni kweli tupu, nimeshapitwa na mmoja kabeba dumu la maji

wifi_mkimbiaji
Jamani asanteni nimecheka mpaka mume kauliza. Bi raba umeniokoa, mama mkwe namuweza. Maswali mawili ya mwisho. Mvua, naambiwa Desemba bado inanyesha, raba zangu ni za lami zimelainika chini. Na kule kwenye mwamba wa Irente kuna vipi, naweza kukimbia mpaka kule?

mtoto_wa_magamba
Vuli inaweza kuburuza mpaka Desemba shem, Januari ndo kunakauka kidogo. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, kwa hiyo raba za lami ziache za barabara kuu, tafuta za mtumba zenye kashata chini, Karume hazikosekani, chukua zinazokuachia nafasi ya kidole gumba mbele maana kwenye kushuka kucha ndo zinaumia. Mvua ikiwa imepiga usiku usiingie vinjia kabisa. Na ukishuka weka hatua fupi fupi za haraka, usijiegemeze nyuma ukafunga breki na visigino, hapo ndo watu wanakalia matope.

Irente sio mbali na mji, kama km 6 hivi, njia inapanda panda ila ya kawaida. Nenda na boda mpaka mjini, kimbia hadi kwenye mwamba, unaona nyika yote chini kule Mazinde, halafu wakati wa kurudi pita shambani Irente ununue jibini na mkate upeleke nyumbani. Boda wa kukurudisha Migambo patana naye bei kabla hujapanda, akikuona na hizo nguo za mazoezi atadhani mtalii

bi_raba
Jibini mpe mama mkwe.