MJADALA: Vipimo vya lishe kwa samaki, matunda na mboga sokoni, tuweke kwa hiari au tuachane navyo?

Mwana_Msangamkuu

Wakuu salama? Juzi mdau mmoja alileta hoja kwamba masoko ya Mtwara na Lindi yaige Marekani, samaki wabichi, matunda na mboga viwekewe maelezo ya lishe, kalori ngapi, protini ngapi, vitamini gani, watu wakamcheka mpaka akanyamaza. Mi naona hoja ina mashiko ila ililetwa vibaya, naomba niiseme upya afu mnipinge kwa hoja sio kwa vicheko.

Kule sheria ni ya 1990. Vyakula vya pakiti vikalazimishwa lebo, vibichi vikaachwa hiari. FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ikatoa orodha ya matunda 20, mboga 20 na samaki 20 wanaoliwa zaidi pamoja na vipimo vyake, duka linachofanya ni kubandika bango karibu na meza au kuweka vipeperushi, basi. Muuzaji hapimi kitu. Hakuna anayemfunga changu karatasi mkiani kama mlivyokuwa mnachekeshana.

Msimamo wangu: tufanye, iwe hiari, bango moja kwa soko zima, halmashauri igharamie, mchuuzi asiguswe. Na orodha iwe yetu. Ya kwao nimeipitia, samaki wengi ni wa bahari za baridi, salmoni na wenzake, wa kwetu utaokota jodari, kamba, kaa, kambakoche, chaza na sato. Kibua hayumo, changu hayumo, pweza hayumo. Kwenye matunda kiwi ipo, stroberi ipo, embe halimo! Papai nalo halimo. Sasa ukichukua bango lile ukalitundika soko letu la samaki la Feri utakuwa umemwambia nani nini?

Kinachonisukuma mi ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Bibo lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa, ila msimu wa korosho ukifika tunang'oa korosho bibo linabaki chini ya mkorosho linaoza, likibahatika linakuwa pombe ya uraka, afu jioni mtu huyohuyo anapita dukani anamnunulia mtoto juisi ya boksi kwa sababu boksi limeandikwa vitamini C kwa herufi kubwa. Cha pakiti kinajisemea, cha shambani kimekaa kimya. Ndo maana kinadharaulika.

Muuza_Vibua_Feri

Mkuu we unaandika ukiwa kwenye feni. Njoo Feri alfajiri vyombo vinaingia, mnada unapigwa, ndoo ya vibua bei inapanda inashuka hujamaliza hata kuhesabu hela, nimenunua nimemwaga mezani nimepanga mafungu, la buku mbili na la buku tano, mteja anakuja anafunua shavu aone wekundu, anabonyeza tumbo, ananiuliza "wa leo hawa?" Akiridhika anaanza kulia bei. Protini hajawahi kuniuliza hata mmoja.

Na hiyo hiari yako nimemwambia kijana wangu aitafute yote. Kanuni za sheria hiyohiyo zinasema wakikagua maduka wakakuta wanaofuata hawafiki asilimia 60, hiari inakufa, inakuja lazima. Hilo mbona umelipitia kando? Hiari gani hiyo yenye kiboko mgongoni. Sisi watu wa soko tunajua, leo hiari, kesho anakuja mtu na kitabu cha risiti.

Mwana_Msangamkuu

Kaka la asilimia 60 lipo, ila angalia limembana nani, ni maduka. Pale Feri paa na meza ni mali ya umma, ndo maana nasema bango liwe lao, hutapigwa faini kwa bango ambalo si lako. Na kule kiboko chenyewe hakijashuka kwa samaki na mboga mpaka leo, miaka zaidi ya 30. Kilichogeuzwa lazima ni nyama ya kusaga na vipande vikuu vya nyama, hiyo iko chini ya wizara yao ya kilimo, ilianza Machi 2012.

Dada_wa_Nachingwea

Nyie mnabishania samaki mbichi mkiwa mmekaa juu ya bahari. Huku kwetu mbichi wa maji chumvi anafika kwa bahati, na akifika keshachoka. Sisi tunaishi na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na dagaa wakavu. Mama yangu ana presha, mi ninachotaka kujua ni chumvi. Bango lako litaandika samaki ana chumvi kidogo, mama anasoma anafurahi, anaenda kununua ng'onda aliyepakwa chumvi kiganja kizima. Umemsaidia au umemmaliza?

Afu vipimo vya hao Wamarekani ni vya samaki aliyepikwa bila mafuta bila chumvi, kipande cha gramu 84. Jamani. Nani hapa anakula gramu 84 za samaki mtupu hivyo? Kwetu anakaangwa mpaka anakauka, afu anatumbukizwa kwenye tui zito. Hesabu yote imeshavurugika kabla ya ugali kuiva.

Nikikubali nitakubali jambo moja. Dagaa analiwa na mifupa yake, kalisiamu iko humo, aliyenunua mnofu wa jodari kwa bei mbaya haipati. Wamama wengi wanaona dagaa ni chakula cha mwisho wa mwezi. Hilo liandikwe, ila kwa maneno, sio milligramu. Milligramu anazisoma nani?

Bwana_Shamba_Mstaafu

Vijana hamjambo. Niseme mawili matatu.

Kwanza takwimu msihangaike kutafuta maabara. Majedwali ya vyakula vya Tanzania yapo tangu 2008, yaliandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Ila zile ni wastani. Samaki mafuta yake yanabadilika na msimu, na kisamvu ukishakitwanga ukakichemsha saa nzima (na lazima kichemke, kibichi kina sumu yake) vitamini C nyingi imekwenda na maji na moto. Kwa hiyo anayetaka namba kamili asubiri sana.

Pili, mimi hofu yangu haiko kwenye kalori. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto bila barafu bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama. Huioni, mara nyingi hata harufu haijabadilika, na ukimkaanga vipi haiondoki. Mtu anakula, nusu saa uso umekuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, anaambiwa una aleji ya samaki, anaacha samaki maisha yote wakati kosa lilikuwa ni jua. Sasa bango linaning'inia juu linasema protini bora, chini yake ndoo imekaa juani tangu asubuhi. Papa naye hivyohivyo, Marekani hiyohiyo mnayoitaja inawaambia wajawazito wasile papa kwa ajili ya zebaki, lakini kwenye vipimo vya lishe zebaki haina mstari wake. Unaweza ukawa na bango sahihi kabisa na likakuficha jambo kubwa.

Ulaya wao wamechagua njia nyingine. Lishe kwa samaki mbichi hawalazimishi, wanalazimisha muuzaji aseme ni samaki gani, kavuliwa eneo gani, kwa zana gani, na kama aligandishwa akayeyushwa. Mimi kura yangu iko huko. Na kwa historia ya uvuvi wa mabomu kwenye pwani hii yetu, swali la "kavuliwa kwa zana gani" wengi wangejikuna kichwa.

Muuza_Vibua_Feri

Shikamoo mzee. Hapo umeongea ila umenigusa pabaya kidogo. Barafu mi siikatai, barafu ni hela. Ikiadimika inapanda, umeme ukikatika haipo, na fungu la buku mbili ukilitolea hela ya barafu faida inabaki maji. Mtu wa chombo naye anatoka usiku hana hata boksi la kuhifadhia. Nikiandika kavuliwa saa ngapi mteja atamkimbilia wa saa moja, mi wa saa nne niliyebaki nao nimpe nani? Wekeni mtambo wa barafu pale kwanza, bango mtabandika hata la mita kumi.

Mwana_Msangamkuu

Kaka hilo la mtambo nakuunga mkono asilimia mia, ila halizuii bango, bango ni hela ya turubai na mtu wa kuchapa, mtambo ni bajeti ya mwaka. Tukisubiri kikubwa ndo tupate kidogo tutakosa vyote.

Mzee nimekuelewa, ila Ulaya wana watu wa kufuatilia samaki kutoka chomboni mpaka dukani, sisi atakayeandika ni nani na atakayehakiki ni nani? Kila meza itaandika "wa leo". Lishe ya dagaa angalau haidanganyiki kwa meza. Dada nimechukua lako, tunaandika kwa maneno na picha, na ng'onda anaingia na onyo lake la chumvi hata kama si mbichi.

Orodha yangu ya kuanzia: kibua, dagaa, changu, pweza, jodari (na mstari mwekundu wa barafu), ng'onda, kisamvu, matembele, majani ya kunde, mbaazi, embe, bibo, ming'oko (viazi pori vyetu). Ongezeni au punguzeni, nikikusanya nampelekea diwani.

Dada_wa_Nachingwea

Mlenda uko wapi? Na bango lisiishie Feri, soko la Nachingwea nalo lina ukuta.

Muuza_Vibua_Feri

Tasi umemsahau. Na lisitundikwe upande wa meza yangu, pale ndo upepo unapoingilia.