Tupeane uzoefu: mwalimu, kichwa chako unakipumzisha saa ngapi?

Walimu wenzangu wa Kigoma, habari za jioni. Naanza mimi niliyeleta mada.

Juzi tuko mezani, binti yangu akataka kusema kitu. Nikamwambia, "Nyoosha mkono kwanza." Nyumba nzima ilicheka, nami nikacheka, ila usiku sikulala. Mwili ulikuwa umefika nyumbani saa kumi na moja, kichwa kimebaki kwenye ripoti ya zamu.

Nakaa karibu na Kibirizi. Usiku taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga ziwani utadhani kuna mji mwingine kule. Lakini mbalamwezi ikiwa kamili giza linakuwa hakuna, taa haivuti samaki, na mvuvi anabaki nchi kavu. Anashona nyavu, analala mchana, anacheza bao. Hakuna anayemwita mvivu. Nikajiuliza, mwalimu mbalamwezi yake iko wapi? Likizo ya Juni kuna masomo ya ziada ya darasa la saba. Desemba kuna azimio la kazi na wageni. Jumamosi madaftari, Jumapili andalio la somo.

Nilichoanza kufanya: nikitoka shule napitia ufukweni, nakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka jua lizame nyuma ya milima ya Kongo. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia saa kama nasimamia mtihani. Sasa nimeacha kuangalia.

Nyie mnafanyaje? Semeni ya kwenu, ya semina tumeshayasikia.

*Mama Watatu, Ujiji*

Kaka, hongera kwa mtumbwi. Mimi nikikaa ufukweni, jiko atawasha nani? Wenzetu mnapumzika kwa kwenda mahali, sisi wengine hatuna pa kwenda.

Pumziko langu ni kuchambua dagaa. Msicheke. Naweka ungo mapajani, natoa mchanga na vijiwe, mikono inafanya kazi na kichwa kinalala. Watoto wanajua mama akishika ungo haulizwi hesabu. Simu naiacha chumbani, maana kundi la shule huamka saa mbili usiku: "Walimu, takwimu za wanafunzi zinahitajika kabla ya saa nne." Takwimu zile zile za wiki iliyopita! Zamani nilikuwa najibu papo hapo, mwiko mkononi. Siku hizi najibu saa kumi na mbili asubuhi. Nilijua nitaitwa ofisini. Sijaitwa mpaka leo, na nina mashaka kama kuna anayezisoma.

*Wa Kakonko*

Darasa langu lina watoto 110. Zoezi la maswali kumi ni majibu 1,100, pigeni wenyewe hesabu ya wiki. Nilikuwa nabeba madaftari kwenye kiroba, nafika nyumbani nayaweka kwenye kona, yananitazama usiku kucha, asubuhi nayarudisha hayajaguswa. Kumbe kilichokuwa kinanichosha zaidi ni kuyabeba.

Sasa watoto wanabadilishana madaftari, tunasahihisha pamoja ubaoni, nami napitia 30 kwa siku kwa zamu, hapo hapo shuleni. Saa kumi nafunga kabati. Mthibiti ubora, yule anayekagua shule, alipopita alisema sahihi zangu kwenye madaftari ni chache. Ni kweli, ni chache.

*Ticha wa Historia, Mwanga*

Mnaikumbuka Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika? Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini.

Mimi kuzama kwangu ni Oktoba na Novemba, kidato cha pili na cha nne wakiwa kwenye mitihani. Hapo hakuna kupumzika, tusidanganyane. Kwa hiyo grisi naipaka Septemba: wiki mbili nalala saa tatu, mpira wa usiku sitazami, hata timu yangu ikicheza. Mke wangu ndiye aliyenitungia jina la Liemba. Nimelikubali.

*Mstaafu, Kasulu*

Wanangu, nawasoma na kucheka. Nimefundisha miaka 34. Niliwahi kudhani shamba la maharage ndilo pumziko langu, kumbe nilijiongezea kazi ya pili. Kilichonisaidia kweli ni baiskeli. Kilomita sita kutoka shuleni, peke yangu, mtu wa pikipiki akinipa lifti nakataa. Nikifika nyumbani, mwalimu nimeshamwacha njiani.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Mwaka mmoja nilikosa usingizi miezi mingi. Nilikuwa naota nimepoteza karatasi za mtihani, chaki inaniponyoka, nalia chooni bila sababu. Nikasema ni uvivu, nikajiongezea vipindi! Baiskeli haikufua dafu. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali, daktari akanisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kusikilizwa, akanirudisha mara kadhaa. Nilipona taratibu. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, chakula hakina ladha, na hata Jumapili haikupi nafuu, usitafute mtumbwi wala ungo, mwanangu. Nenda ukaonwe.

*Mleta mada*

Shikamoo mwalimu. Asante kwa kulisema la chooni. Nadhani tupo zaidi ya mmoja hapa.

Mama Watatu, umenipata. Nimemuuliza mke wangu yeye anapumzika saa ngapi, akanitazama tu. Kuanzia wiki hii Jumatano mtumbwi ni wake, jiko langu. Ugali wa kwanza ulikuwa na mabuja, wameula.

Leo mbalamwezi ni kamili, ziwani hakuna taa hata moja. Madaftari ya darasa la sita yako shuleni, kabatini. Simu naizima sasa hivi, watakaojibu nitawasoma kesho baada ya paredi.