Tupeane uzoefu: tuliowahi kutembelea ndugu gerezani, skrini inatosha?

Wakuu, salaam. Kaka yangu alipokuwa mahabusu tulikuwa tunamwona kila Jumamosi. Siku moja tukakuta tangazo getini: kuanzia leo ni kwa video tu. Tukaingizwa chumba cha pembeni chenye skrini tatu, na yeye yuko jengo hilohilo, nyuma ya ukuta. Mlango wa chuma ukibamizwa kwake, nausikia kwanza ukutani, ndipo unakuja kwenye spika. Dakika 20, picha imeganda mara nne. Nani mwingine yamemkuta?

Mchangiaji wa 2: Kwenye video mume wangu alikuwa mzima, anacheka. Tuliporuhusiwa kuonana, kutoka mlangoni hadi mezani nikaona anaburuta mguu, kiatu kakikanyaga kisigino kwa sababu mguu umevimba. Eti "nimejikwaa tu." Sikuondoka mpaka mganga wa gereza alipomwona. Skrini inakuonyesha kichwa na mabega, basi.

Mchangiaji wa 3: Mimi naomba msiiponde sana video. Mama yangu ni mzee, safari ya kwenda tu ni siku nzima, halafu getini anavuliwa mpaka kilemba. Alirudi analia, na si kwa ajili ya mwanawe. Video imemwokoa.

Mwanzisha mada: Mkuu wa 3, pole kwa mama. Video ibaki, sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kufanywa mbadala. Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, Kanuni ya 58 inataja barua na mawasiliano ya kielektroniki, *na* kutembelewa. Ni "na", siyo "au". Na hilo la kilemba, Kanuni ya 60 inasema upekuzi wa wageni usiwe wa kudhalilisha.

Mchangiaji wa 4: Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Alipomwona baba yake kwenye skrini akazunguka nyuma kumtafuta. Akakuta waya. Hakutaka tena kukaa kwenye kile kiti.

Mchangiaji wa 5: Tuliambiwa mdogo wangu hatembelewi miezi mitatu kwa sababu aligombana na mwenzake. Nikaomba waniandikie sababu na kifungu walichotumia. Kimya. Nikaandika barua yangu, nikanukuu Kanuni ya 43: kumkatia mtu mawasiliano na familia isiwe adhabu, kinachoruhusiwa ni kuyabana kwa muda maalumu, pale usalama na utulivu unapodai hivyo kwelikweli. Nikasisitiza kwamba hizi si sheria ya bunge, ila ni kipimo ambacho nchi zenyewe zilikipitisha. Nakala nikampa wakili, nyingine nikabaki nayo ikiwa na muhuri wa mapokezi. Wiki ya pili tukaitwa. Ushauri wangu: muwe na daftari. Tarehe, saa, uliambiwa nini na askari wa zamu gani. Maneno ya getini hayana ushahidi.

Halafu, jina la kanuni hizo halikuja bure. Mandela alipofika Robben Island alikuwa anaruhusiwa mgeni mmoja kila miezi sita. Mkono wa mkewe aliugusa tena mwaka 1984, akiwa gereza la Pollsmoor, baada ya miaka 21.

Mchangiaji wa 6: Mimi nilikuwa ndani. Mkisikia wageni mnadhani ni ile nusu saa. Sisi tulianza jana yake: sare inalazwa chini ya godoro ipate mkunjo, ndevu zinanyolewa kwa wembe wa zamu, mwenye sabuni ya kunukia anaombwa na selo nzima. Waliogombana wanapatana, maana hakuna anayetaka kwenda kwa mama yake na jicho limevimba. Ilipoletwa video niliacha kunyoa. Dada yangu akaniuliza mbona sura imefifia, nikamwambia ni kamera.

Mwanzisha mada: Wa 6, hiyo ya sare chini ya godoro… kaka yangu naye alikuwa na mkunjo. Nilidhani wanapigiwa pasi.